Nilimpenda Eleanor Kabla Hajaelezwa

Wasomaji wengi ninaowafahamu humzungumzia Eleanor Oliphant kana kwamba ni binti wa shangazi yao. "Maskini, alikosa tu mtu wa kumsikiliza," husema. Mimi huitikia kwa kichwa, maana ni kweli alikosa. Lakini hubaki na neno moyoni: angekuwa anafanya kazi nasi ofisi moja, wengi wetu tungetafuta kiti cha mbali naye saa ya chakula cha mchana, na sidhani kama mimi ningekuwa wa mwisho kuinuka.

Kwa asiyemjua, Eleanor ni mhusika mkuu wa Eleanor Oliphant Is Completely Fine, riwaya ya kwanza ya Gail Honeyman wa Scotland, iliyotoka mwaka 2017 na kutwaa tuzo ya Costa ya riwaya ya kwanza ya mwaka huo. Anaishi Glasgow peke yake. Umri wake unakaribia miaka 30, na anashughulikia hesabu katika kampuni ndogo ya usanifu wa michoro. Ijumaa akitoka kazini hununua piza, mvinyo na chupa mbili kubwa za vodka, na hiyo vodka huigawa mpaka Jumapili, asilewe chakari wala asiwe na akili timamu kabisa. Jumatano huongea na mama yake kwa simu. Nyumbani kwake hakanyagi mtu isipokuwa msoma mita na afisa wa ustawi wa jamii. Kichwa cha kitabu kinadai kwamba hajambo kabisa, na yeye mwenyewe humwambia hivyo hivyo kila anayemuuliza.

(Nitataja yaliyomo mwishoni mwa kitabu. Anayetaka kukutana nayo mwenyewe aishie hapa, arudi baadaye.)

Honeyman amewahi kueleza kwamba riwaya hii ilianzia kwenye makala aliyoisoma kuhusu upweke. Ndani yake kulikuwa na msichana wa mjini, mwenye kazi na mahali pa kuishi, aliyesema kwamba akishaondoka kazini Ijumaa, mara nyingi hazungumzi na mtu mpaka Jumatatu. Hapo ndipo ninapomvulia mwandishi kofia. Tumezoea mpweke wa vitabuni awe kikongwe, mjane, au mtu aliyetengwa na kijiji kizima kwa tuhuma fulani. Huyu ana ujana, ana mshahara, ana basi la kumpeleka popote. Hajafungiwa mlango na mtu. Na bado wikiendi nzima inaingia na kutoka bila yeye kutamka neno, mpaka Jumatatu anaanza kuisikia sauti yake kama ya mgeni.

Uingereza yenyewe ilikuwa imeshaanza kulisema jambo hili hadharani. Jo Cox, mbunge aliyeuawa Juni 2016, alikuwa ameanza kuandaa tume ya kushughulikia upweke. Wenzake wakaiendeleza kwa jina lake, na Januari 2018 serikali ikamkabidhi Tracey Crouch dhamana ya uwaziri wa masuala ya upweke. Riwaya ikadondokea katikati ya mazungumzo hayo. Nadhani ndiyo sababu watu waliisoma kama ushahidi kabla hawajaisoma kama hadithi, na Eleanor akageuzwa bango. Shida ya bango ni kwamba halina tabia mbaya, na Eleanor anazo nyingi.

Tuanze na dharau. Eleanor anawaona wenzake wa ofisini kuwa ni watu wasio na akili, wasiojua lugha, wasiojua kula. Anamwona Raymond, kijana wa kitengo cha kompyuta, akitafuna mdomo wazi, akiburuza miguu, akinuka sigara, na anatuorodheshea hayo yote bila huruma hata chembe. Mzee anapoanguka barabarani mbele yao, jambo la kwanza analofikiri ni kwamba huyo ni mlevi, na kama si Raymond kumtuma akae naye na kumsemesha mpaka gari la wagonjwa lifike, sina hakika kama angesimama. Kumbuka huyu ni mtu ambaye kabatini kwake kuna vodka ya kumfikisha Jumapili! Mwandishi anajua kejeli hiyo na anaiacha ikae bila kuifafanua. Huo ni ustadi.

Tena Eleanor anazungumza kama aliyelelewa na kamusi. Ana shahada ya fani za kale za Wagiriki na Warumi, hujaza mafumbo ya maneno ya gazetini, na humjibu muuza duka kama anayesoma hotuba bungeni. Kuhusu watu kuorodhesha zawadi wanazotaka kununuliwa siku ya harusi yao, ana hoja ndefu: hawa ni watu wawili wenye vipato viwili, kwa nini yeye mwenye kipato kimoja ndiye awanunulie sahani? Nilipoisoma nilipiga meza. Ana haki! Hapa ndipo anaponishika. Mara nyingi Eleanor anakuwa sahihi kuhusu jambo na wakati huo huo anakosea kabisa kuhusu watu waliomo ndani ya jambo hilo. Ni mchanganyiko ambao sijauona kwa wahusika wengi, na ndio unaowafanya watu halisi wa aina yake wachoshe na wavutie kwa pamoja.

Basi nilimpenda hivyo hivyo. Nilimpenda bila kujua alikotoka. Nilimwona mwanamke mwenye makovu usoni ambayo hayasemi, mwenye suruali nyeusi, shati jeupe na viatu visivyojali fasheni, mwenye mmea mmoja chunguni uliokuwa naye tangu utotoni. Mmea una jina, Polly, na hupewa maji na mazungumzo kuliko binadamu yeyote katika maisha yake. (Nami nikaenda kuusoma huo mmea. Jina lake la kisayansi ni Impatiens niamniamensis, ua jekundu na manjano lenye umbo la mdomo wa kasuku, na asili yake ni misitu ya kitropiki ya Afrika. Umefikaje kwenye dirisha la Glasgow, kitabu hakijali. Lakini nilifurahi kwamba rafiki wa kwanza wa Eleanor alitoka huku kwetu.)

Manung'uniko yangu ya kwanza ni kuhusu kicheko. Nusu ya kwanza ya kitabu inachekesha sana, na inachekesha kwa njia moja: Eleanor anasimulia mwenyewe, kwa uso mkavu, mambo ambayo sisi tunayaelewa kumpita. Anamwona mwanamuziki jukwaani mara moja tu na kuamua ndiye atakayekuwa mumewe. Ili ajiandae, anakwenda saluni kuondolewa nywele za mwilini, na matokeo yanamkasirisha, anamwuliza mhudumu maswali ambayo hakuna mhudumu aliyewahi kuulizwa. Ananunua kompyuta ili amfuatilie huyo kijana. Kwenye sherehe watu wanacheza wimbo wa kupunga mikono juu kutengeneza herufi, naye anauchunguza mchezo ule kama mtafiti aliyetua kisiwani leo asubuhi.

Nilicheka. Tatizo ni kwamba kwenye ofisi yake pia kuna watu wanaomcheka, kina Billy na wenzake, na kitabu kinawachora kama watu wadogo wa roho. Sasa tofauti yangu na Billy ni ipi? Yeye anacheka vituko vile vile ninavyovicheka mimi, ila mimi nimenunua kitabu. Ilipofika sehemu ya pili, mambo yalipoanza kuharibika, nilihisi mwandishi amenigeukia na kuniuliza nilikuwa nacheka nini. Wapo wanaosema huo ndio ufundi wenyewe, kwamba msomaji anategwa ili ajione. Nakubali kwa nusu. Mtego ungekuwa wa haki zaidi kama mwandishi naye angeonekana ndani yake, maana vichekesho vile havikujiandika. Matukio kadhaa, lile la saluni likiwa la kwanza, yapo ili tumcheke Eleanor na si kwa sababu nyingine. Ukimtengenezea mtu vichekesho kwa kurasa mia moja hivi, kisha ukadai machozi yake, unadai kwa mkopo.

Manung'uniko ya pili ni makubwa, na ndiyo yaliyonifanya niandike.

Eleanor ana sababu. Tunaanza kuinusa mapema, kwenye simu za Jumatano, kwa sababu yule mama ana ulimi wa sumu kuliko mama yeyote niliyewahi kumsoma. Kisha vinakuja vipande: makovu, nyumba za kulelea watoto, familia za walezi wa muda, mwanamume aliyekuwa akimpiga alipokuwa chuoni. Mwishoni tunaambiwa yote. Mama aliwasha moto ndani ya nyumba kwa makusudi, binti zake wawili wakiwa humo. Mdogo wake Eleanor, Marianne, alikufa. Na mama mwenyewe naye alikufa humo humo. Simu za Jumatano hazikuwahi kupigwa. Eleanor alikuwa akizungumza na maiti kichwani mwake kwa miaka.

Kama kitanzi cha hadithi, hiki kimefungwa vizuri. Nilirudi nyuma nikasoma upya zile simu na hakuna mahali mwandishi alipodanganya. Lakini tazama kinachompata mhusika. Kila kitu nilichokuwa nimekipenda au kukichukia kwake kinageuka kuwa dalili. Lugha yake ya kamusi ni ngao. Ratiba yake ni bandeji. Dharau yake ni sauti ya mama. Hata uamuzi wake wa kukaa peke yake, ambao kwa kurasa nyingi ulionekana kuwa sehemu ya tabia yake, sasa una faili, una tarehe, una moto. Mtu wa ajabu amekwisha, amebaki mgonjwa. Na mgonjwa, katika riwaya ya aina hii, lazima apone.

Anapona kwa vitu gani? Nywele zinakatwa na kupakwa rangi na binti wa yule mzee aliyeanguka, naye Eleanor anang'aa. Anapata nguo mpya. Anapata cheo. Anaanguka vibaya sana baada ya tamasha la yule mwanamuziki, anafika ukingoni mwa uhai wake, Raymond anamkuta sakafuni; kisha anapata daktari, mshauri nasaha, na paka ambaye naye ameungua. Paka aliyeungua! Hapo kwa kweli nilikiweka kitabu chini kidogo. Kila kilichokuwa wazi kinazibwa, na kinazibwa kwa kitu chenye umbo lile lile la tundu.

Rafiki yangu mmoja, muuguzi katika wodi ya afya ya akili, hakubaliani nami hata kidogo, na hoja yake ni nzito kuliko yangu, kwa hiyo naiweka hapa ilivyo. "Dada, wewe unataka Eleanor abaki mgonjwa ili uendelee kumfurahia," aliniambia. Kwa maoni yake, watu kama mimi tunapenda vituko vya wapweke kwa sababu tunavisoma jioni kisha tunafunga kitabu, ilhali wao hawana pa kufunga. Sehemu za ushauri nasaha ndizo anazoziona za kweli kuliko zote: Eleanor anavyogoma, anavyomkosoa mshauri kimoyomoyo, anavyorudi wiki ijayo hata hivyo. Aliniambia pia kwamba wodini hajakutana na mtu ambaye upweke wake haukuwa na historia.

Sikuwa na jibu la haraka. Na juu ya zile sehemu za ushauri nimemkubalia. Zina subira ambayo sehemu nyingine za kitabu hazina. Ila kuna jambo moja ambalo bado nalishikilia. Wodini huingia waliokwisha kuvunjika. Yule msichana wa kwenye makala, aliyeanzisha riwaya yote, kwa jinsi mwandishi mwenyewe alivyomsimulia, hakuwa na moto wowote. Alikuwa mtu wa kawaida mwenye kazi, kwenye mji mkubwa, asiye na wa kuzungumza naye kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu. Hicho ndicho kilichomtisha Honeyman hata akaandika, na hicho ndicho kilichonitisha mimi nilipofungua kitabu. Kisha ukaja moto, na msomaji akapata mahali pa kupumulia: aah, kumbe. Mama yake alikuwa katili. Mimi mama yangu hakuwahi kuchoma nyumba, kwa hiyo mimi siwezi kuwa Eleanor. Yule msichana wa wikiendi akasahauliwa, na bado yupo, na bado ni Jumamosi kwake.

Ndiyo maana kila nikimfikiria Eleanor humfikiria pia Keiko Furukura. Huyu ni mhusika wa riwaya fupi ya Sayaka Murata iliyoshinda tuzo ya Akutagawa huko Japani mwaka 2016, ambayo wengi nje ya Japani wanaijua kwa jina la Convenience Store Woman. Keiko ana miaka 36 na amefanya kazi ya kibarua katika duka moja dogo kwa miaka 18. Utotoni watoto wenzake walipolia juu ya ndege aliyekufa, yeye alishauri wamchome wamle, kwa kuwa baba yake anapenda nyama ya ndege. Wazazi wake ni watu wema, mdogo wake anampenda, hakuna aliyemtendea ubaya. Murata hatupi sababu. Watu wanaomzunguka Keiko ndio wanaoitafuta sababu kwa udi na uvumba, wakitaka kumponya, na mwandishi anawaachia wao hiyo kazi huku akimwacha Keiko arudi kwenye duka lake, alikojisikia mzima tangu mwanzo.

Sikupata raha kumsoma Keiko kama niliyoipata kwa Eleanor. Ni baridi, na kuna mahali ananiogopesha. Lakini hakuna aliyenikabidhi ufunguo wake, na kwa hiyo sijawahi kumfungia popote.

Kwetu Waswahili mfano upo tangu 1974. Kazimoto wa Kichwamaji, riwaya ya Euphrase Kezilahabi, naye anasimulia mwenyewe, naye ni msomi anayewatazama watu wake kwa umbali, naye anachosha na kuvutia. Kwake hakuna Raymond anayegonga mlango. Kezilahabi anampeleka mpaka kifo cha kujitakia, na ukifunga kitabu hubaki na swali la kama kilichomwangusha ni elimu, ukoo, wakati, au yeye mwenyewe. Sisemi Eleanor naye angeuawa. Nafurahi alipona, jamani, mimi si jiwe. Ninachosema ni kwamba Kazimoto ningali nabishana naye kichwani, na Eleanor tulishamalizana ukurasa wa mwisho.

Ingawa si kweli kabisa kwamba tumemalizana, maana kuna Raymond.

Raymond ndiye anayenirudisha kwenye kitabu hiki kila ninapojiapiza kwamba nimekichoka. Hana umbo la mwokozi. Ana kitambi kidogo, anavaa viatu vya rangi ya ajabu, anacheza michezo ya kompyuta. Anachofanya ni kumwalika Eleanor kula, kumpeleka kwa mama yake Raymond, kumjulia hali. Kuna sehemu Eleanor yuko jikoni kwa yule mama mzee, anaosha vyombo huku Raymond akisaidia, na hakuna linalotokea. Chai inanyweka, maneno mawili matatu yanasemwa kuhusu vitu vidogo. Kwa mtu aliyeishi miaka bila kukaribishwa mahali, ile chai ni tukio kubwa kuliko moto, na Honeyman anaiandika bila kupiga ngoma. Hapo hakuna maelezo ya kitaalamu. Hapo Eleanor bado ni wa ajabu vile vile, bado anamkosoa Raymond kimoyomoyo kwa jinsi anavyokula, ila yuko na watu. Kitabu kizima kingekwenda hivi, ningekuwa mtetezi wake mkubwa kuliko wote.

Na mwandishi hakuwaoza. Kwa riwaya iliyouzwa vile, vishawishi vya kuwafunganisha hao wawili lazima vilikuwa vikubwa, na wasomaji wengi waliutamani huo mwisho, nawajua. Aliwaacha marafiki, na mlango haukufungwa. Kwa hilo pekee namsamehe yule paka.

Wa ofisini ndio siwezi. Eleanor anaporudi kazini baada ya kuugua, wenzake wanampokea kwa maua na maneno mazuri, naye anaguswa mno. Anagundua kwamba labda si wabaya kama alivyowafikiria. Kitabu kinataka nami niguswe. Nilitafuta ukurasa ambapo hata mmoja wao anasema, "Tulikuwa tunakucheka, na haikuwa sawa." Haupo. Miaka karibu tisa ya minong'ono mgongoni kwake inafutwa kwa shada moja, kwa sababu sasa amekatwa nywele, anatabasamu, na wote wamejua kwamba alikuwa anaumwa. Angerudi na viatu vyake vya zamani, bila ugonjwa wowote wa kumtetea, akiwa ni Eleanor tu mwenye maneno yake marefu na hoja zake za sahani za harusi, hayo maua yangekuwepo?

Rafiki yangu muuguzi anasema yangekuwepo. Mimi nasema Billy angetafuta kiti kingine.